Mikono Mitatu ya Rangi

4 Machi

Mwanangu,

Hujambo, na kazi zinaendaje? Mimi mzima, ila magoti yananidai kila ngazi ya ghorofa hii. Baba yako bado anakohoa. Bomba la ukutani limepasuka, na ukungu mweusi umefika kwenye mto wake wa kulalia.

Lakini safari hii jiji limetukumbuka. Limetenga fedha za kukarabati nyumba zake zote, na mafundi litaleta lenyewe. Tarehe ishirini mkaguzi atapita chumba kwa chumba. Jengo lenye hali mbaya zaidi ndilo litakaloanza. Mama Redio, jirani yetu asiyepitwa na neno, keshatangaza mpaka sokoni.

Mama yako.

10 Machi

Mama, shikamoo, na shikamoo ya Baba mfikishie.

Mimi mzima. Habari ya jiji imenifurahisha, lakini mgeni wa ofisi akute ukuta mweusi? Watasema mtoto wao fundi rangi, kwao kunanuka. Sitaki hiyo aibu. Nimempa dereva wa basi makopo mawili ya rangi akuletee. Sugua kwa brashi ya waya, paka mikono mitatu, yaani rangi juu ya rangi mara tatu, na ile ndoo unayokingia maji yanayovuja uifiche.

Mwanao.

22 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako anakusalimu, maneno yanamtoka kidogo kidogo.

Ungeuona ukuta! Mama Redio akaomba iliyobaki, jirani wa juu naye, ukumbi mzima ukang'aa. Mkaguzi alivua viatu mwenyewe mlangoni. Akapapasa ukuta, akasema, "Mama, hapa pazuri." Habari ya bomba ilikuwa mdomoni mwangu kabisa, lakini mtu keshakusifia nyumba, utaanzaje kumpinga? Baba yako alibana kikohozi mpaka mgeni akashuka ngazi. Machozi yalimtoka.

Mama yako.

15 Mei

Mwanangu,

Salamu baadaye. Orodha imebandikwa. Jengo letu "hali nzuri", la mwisho kabisa, mpaka mwakani. Watu wa jengo la pili, ambao hata kufagia hawakufagia, mafundi wako juu ya paa lao.

Nilikwenda ofisini. Karani akanisomea: ukuta mkavu, umepakwa upya. Nikamwambia, hiyo rangi ya mwanangu, chini yake maji. Akasema, "Mama, sisi tunaandika kilichoonekana. Lete barua ya fundi, tutarudia ukaguzi."

Fundi ninaye. Andika, mwanangu. Rangi imeanza kututumka na Baba yako sasa analala ameketi.

Mama yako.

2 Agosti

Mama, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa, tulikuwa na hoteli nzima ya kupaka. Ile barua nitaiandika nikitulia. Nayo si jambo dogo, fundi kuandika kwamba alifunika maji kwa rangi. Nani atanipa kazi tena? Kwa sasa nimempa dereva kopo jingine, la bei zaidi, linazuia unyevu. Desemba nitakuja.

Mwanao.

17 Februari

Mwanangu,

Natumai ulifika salama ulipotoka hapa baada ya kumzika Baba yako. Sikukuuliza kitu mbele ya watu. Ulikuwa unalia, na mimi ni mama yako.

Jana mafundi wa jiji walifika kwetu. Vijana wazuri, wenye adabu. Wakavunja ukuta upande wa kitanda, wakatoa bomba, wakatia jipya. Walianza saa tatu. Saa sita walikuwa wanaosha mikono. Nilikaa kwenye kiti cha Baba yako nikihesabu: asubuhi moja tu, mwanangu. Alingoja karibu mwaka mzima kwa kazi ya asubuhi moja.

Nina hasira na wewe, siwezi kukuficha. Nami nina hasira na mkono wangu, maana ndio ulioshika brashi. Ile barua ingekuwa mistari mitatu.

Msimamizi aliuliza wanipakie rangi gani. Nimemwambia auache ukuta hivyo hivyo, saruji tupu, nikitaka kujua kama umelowa niuone kwa macho.

Kopo lako la Agosti sikulifungua. Dereva analo, anakurudishia.

Mama yako.