Kuhusu Magoti Yako, na Lile Jina Nililokupa

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Mama ni mzima, ila masikio yake siku hizi husikia yale tu anayoyataka. Nami naendelea vizuri na goti langu la bandia. Juzi nilishuka ngazi bila kushika ukuta.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema goti la kulia linavimba kila jioni ukitoka kutandaza vigae, halafu unaongeza kwamba ni uchovu tu. Usinidanganye. Maneno hayo hayo niliyasema miaka saba, mpaka wakanipasua.

Daktari aliniuliza kazi kabla ya kuniuliza umri. Alisema umri una sehemu yake, na kitambi changu pia, lakini miaka ishirini na sita ya kupiga magoti juu ya saruji na kupandisha maboksi ya vigae ghorofani ndiyo iliyonimaliza. "Ungelitunza goti hili kazini, huenda tusingefika huku," aliniambia. Hapo nikakukumbuka wewe.

Unakumbuka ulipojifunga vipande vya sponji magotini, nikakuita Bwana Godoro mbele ya mafundi wote? Kesho yake ulikuja bila sponji. Kwetu fundi alipimwa kwa sugu za magoti, na mimi nilikuwa mjinga wa kwanza kukunja suruali nionyeshe zangu. Jambo hilo linaniuma kuliko mshono. Nisamehe.

Sasa sikiliza, na hili si ombi. Nenda hospitali wiki hii. Kazini kwangu hapa hakuna anayegusa mwiko bila pedi za magoti. Anayepiga magoti asubuhi, mchana hukata vigae mezani akiwa amesimama, na boksi hubebwa na watu wawili. Nyapara alicheka siku ya kwanza. Siku ya tatu akaomba pedi zake. Fanyeni hivyo hivyo huko.

Nakutumia jozi moja. Mikanda ameishona Mama, kwa hiyo ukizitupa utajibizana naye.

Nisalimie shemeji, kitinda mimba wenu na fundi rangi jirani yako. Mungu akulindie magoti yako uliyozaliwa nayo, maana nataka tuzeeke tukitembea.

Lile jina lisikutie aibu tena. Nimewatangazia mafundi kuwa ni langu, na wananiita hivyo kutwa.

Kaka yako akupendaye,
Bwana Godoro