Santuri Zako Zilikuwa Nzima

Jumapili, tarehe 14 Juni. Asubuhi ya leo kulikuwa na ukungu mwepesi, na mabati yalikuwa bado yakidondosha mvua ya usiku.

Mume wangu, mwaka umetimia tangu Mwenyezi Mungu akuite kwake, baada ya homa fupi ambayo wewe mwenyewe uliichukulia mzaha. Nimeomba kabla ya kuandika, ili niseme yaliyo kweli tu.

Ulikuwa seremala mpole. Mtu akikuletea kiti kilichovunjika, ulikitengeneza kwanza, malipo baadaye. Jioni ulikung'uta vumbi la mbao mlangoni, ukanawa mikono hadi viwiko, ndipo ukagusa santuri zako za okestra, alizokuachia rafiki yako mwalimu wa muziki alipohama.

Mwanzoni ulizipiga kwa sauti ya chini. "Sauti ikizidi inaua muziki," ulituambia. "Ikiwa ya kiasi, utamsikia hata mpiga filimbi anavyovuta pumzi."

Kisha, mwaka hadi mwaka, sauti ikapanda. Jirani yetu mshonaji alikuwa akikuita kutoka ng'ambo ya ukuta: "Shemeji! Okestra yako nzima imehamia jikoni kwangu!"

"Leo umeingia bure," ulimjibu. "Kesho nakukatia tiketi!"

Tulicheka sote, tukasema ni uzee tu.

Lakini wewe hukucheka sana. Ulisema filimbi zimefifia, fidla zimekuwa butu. Ukabadilisha sindano ya gramafoni. Ukazifuta santuri moja moja kwa kitambaa laini. Ukaongeza sauti mpaka spika zikakoroma. Mwishowe ukaifunika gramafoni kwa shuka.

"Zimekwisha," ulisema. "Nimezipiga mno, nimeziua mwenyewe."

Ulihuzunika kama mtu aliyeharibu amana ya rafiki. Hukuifunua tena.

Mume wangu, hazikuwa zimekwisha.

Miezi michache baada ya mazishi, binti yetu alimleta fundi wa redio azitazame, tujue kama zinafaa kupewa mtu. Akaweka moja, kwa sauti ndogo. Filimbi ikatoka safi kama maji.

"Mama, hizi ni nzima kabisa," alisema. "Marehemu alifanya kazi gani?"

"Kuranda mbao kwa mashine. Maisha yake yote."

"Alikuwa akiziba masikio?"

"Azibe kwa nini?" nilimjibu. Kisha nikaelewa: zilizochakaa hazikuwa santuri, yalikuwa masikio yako.

Ndipo nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nikikusomea masomo yangu nikitoka darasa la jioni la watu wazima. "Rudia, mke wangu," ulisema. "Rudia tena." Nami nilirudia kwa furaha, nikidhani unanifunza uvumilivu. Namshukuru Mungu kwa subira yako. Ila laiti ningejua, ningekaa karibu zaidi.

Leo, baada ya sala, tulipiga santuri uliyoipenda kuliko zote, kwa sauti ile ya chini ya zamani. Mdogo wako, ambaye sasa ndiye anayeendesha mashine yako, akainuka kuiongeza.

"Shemeji, mbona mnatubania? Mimi hapa nasikia ngurumo tu."

"Baba mdogo," binti yetu akamwuliza, "hiyo filimbi huisikii?"

"Filimbi ipi?"

Hakuna aliyecheka. Binti yetu akamweleza taratibu yale tuliyogundua. Mdogo wako akabisha: karakana haifungwi, kazi za watu zinangoja, na masikio yake hayajawahi kumsumbua tangu azaliwe.

"Baba alizilaumu santuri," binti yetu akasema. "Wewe utalaumu nini?"



Hutatutoka moyoni kamwe: mimi mkeo, binti yetu na mumewe, wajukuu wako, mdogo wako na mkewe, na jirani yetu, ambaye leo alikuja na kiti chake mwenyewe. Sote tulikuwepo mdogo wako aliposimama mbele ya gramafoni, akavua kofia, akasema kwa sauti iliyofika hadi mlangoni:

"Kaka, mbele ya Mungu na mbele ya hawa, kesho nakwenda kupimwa masikio. Na ile mashine siiwashi tena mpaka nipate kitu cha kuyaziba."