Wanakula Sinia Moja

Alhamisi, alasiri. Mvua imenyesha tangu alfajiri, sasa imekata, ila ziwa bado limenuna. Nimefunga steshenari mapema. Wateja wawili walikuja kutoa kopi, wote nikawatolea kurasa juu chini. Mikono ipo kazini, moyo haupo.

Moyo uko kwa Sakina.

Niandike tangu mwanzo, labda nikimaliza nitapumua. Nina mabinti wawili. Asha ana miaka kumi. Mama yake mzazi alifariki Asha akiwa bado ananyonya, na nilipoolewa na baba yake ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuongea. Neno "mama" alijifunzia kwangu. Sakina ana miaka saba, huyo nimemzaa mwenyewe. Asha ni mwembamba kama ufito. Sakina ni mnene.

Haya, nimeliandika. Siku zote husema "amejaa", "ana afya yake".

Wanakula sinia moja. Ugali wa muhogo uleule, migebuka ileile ya ziwani, kisamvu kilekile cha mawese. Lakini nani ataamini? Mama wa kambo, wa kwake amenona, wa mwenzie amekonda. Hata mimi ningekuwa jirani ningenong'ona.

Na walinong'ona mpaka kijijini Kidahwe wakasikia. Jumapili mama mkwe aliteremka hapa Bangwe bila taarifa, mkononi ana mfuko mtupu. Nikampa shikamoo, akaitikia huku akichungulia nyuma yangu, anamtafuta Asha.

"Nimekuja kumchukua mwana wanje, mtoto wangu," alisema kabla hajakaa. "Mtoto wa marehemu anakauka, wako anafura. Watu wana macho."

"Mama, wanakula pamoja."

"Nitaona."

Mume wangu, ndiyo kwanza katoka zamu yake bandarini, akatazama chini. Ukimya wake uliniuma kuliko maneno ya mama yake.

Basi mama mkwe akaweka kigoda karibu na jiko, akaangalia. Na kilichotokea Jumatatu mchana ndicho kilichonimaliza. Asha alikula matonge machache, akanawa. Ndivyo alivyo, ukimlazimisha anatapika. Sakina alimaliza upande wake, akabaki anakodolea upande wa dada yake. Asha akamsogezea samaki aliyebaki, kama anavyofanya kila siku.

Mama mkwe akajipiga paja. "Si hiyo? Mnyonge ananyang'anywa na mama yupo anatazama!"

"Bibi, nimempa mwenyewe," Asha alisema. "Nimeshiba."

Hakuna aliyemsikiliza.

Ni kweli Sakina hula kilichobaki, na ni kweli mimi hutazama. Muda si mrefu huja tena jikoni kuuliza kama kuna kitu. Nilidhani ni ulafi, nikawa namgombeza. Tena nilidhani ile shingo yake ni uchafu. Mikunjo ya nyuma imekuwa myeusi tangu mwaka jana. Nimekuwa nikimsugua kwa dodoki mpaka analia, na weusi hautoki.

Jumanne mume wangu hatimaye alifungua mdomo. "Kesho twende hospitali na watoto wote wawili. Na wewe mama uje. Daktari atatuambia."

Sikulala vizuri. Nilikuwa napanga utetezi wangu kama mtu anayepelekwa mahakamani: asubuhi wanakula hiki, mchana kile, jioni kile. Nilikariri.

Daktari hakuniuliza hata kimoja. Mama wa makamo, ana sauti ya chini. Aliwapima watoto uzito na urefu, akainua nywele za Sakina, akaitazama shingo kwa muda. Kisha akanigeukia.

"Kwenu nani ana kisukari?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikamtaja mama yangu, aliyekuwa mnene tangu utotoni kule Ujiji. Kisukari kilimchukua mguu kwanza, kisha kikamchukua mwenyewe. Nikamtaja mama mdogo, ambaye hadi leo anajichoma sindano. Halafu nikakumbuka kwamba hata mimi, mimba ya Sakina, sukari ilipanda, ikashuka nilipojifungua, nami nikasahau kabisa.

Daktari akaandika. Akamgeukia mama mkwe. "Na mama mzazi wa huyu mkubwa, alikuwa na mwili gani?"

Mama mkwe aligeuka. Asha alikuwa bado amesimama kwenye mizani, mabega yamechongoka, shingo ndefu. Bibi yake akamtazama kana kwamba ndiyo siku ya kwanza anamwona.

"Alikuwa hivihivi," akasema polepole. "Mimba ya miezi minane, mimi nikadhani kafunga khanga vibaya. Kula alikuwa anakula. Sikujua chakula kinakwenda wapi."

Akapangusa macho kwa pembe ya kitenge.

Daktari akatuambia Asha ni mzima, anakua vizuri kwa umbo lake. Sakina, akasema, amerithi mwili wa aina nyingine. "Kuna vinasaba mtoto anavichukua kwa wazazi wake. Mwili mmoja unachelewa kusikia shibe, na cha ziada unakiweka akiba upesi. Mwingine hauko hivyo. Kurithi hakumaanishi lazima ataugua, lakini soda na maandazi na kushinda mbele ya runinga vitamdhuru yeye mapema kuliko dada yake." Weusi wa shingo ni dalili kwamba mwili unahangaika na sukari.

"Usimsugue tena, mama."

Nilitamani sakafu inimeze.

Wakamtoa damu. Sakina akalia, Asha akamshika mkono na kumwambia aangalie dirishani. Majibu: sukari imepanda juu ya kawaida, haijafika kisukari. Turudi baada ya miezi mitatu. Kuanzia sasa sote nyumbani tule chakula cha namna moja, asitengewe chakula chake peke yake, asiitwe mnene, na acheze mpaka atoke jasho.

Kwa hiyo nimesafishwa. Leo asubuhi mama mkwe ameondoka na mfuko wake ukiwa mtupu vilevile. Hakuniomba radhi, wala sikutegemea. Mlangoni alisema, "Asha abaki. Wakiniuliza nitawajibu mimi." Kisha akanishika mkono, kitu ambacho hajawahi kufanya. "Huyu mdogo, mwangalie sana."

Ningepaswa kufurahi. Lakini kilichonisafisha ndicho kinachonitisha. Kama wembamba wa Asha ni mwili wa mama yake, basi unene wa Sakina ni mwili wa mama yangu, na mimi ndiye niliyeubeba kati yao. Jirani mwenye maneno unaweza kumfungia mlango. Hili limo ndani ya damu ya mtoto, nitalifungia mlango gani?

Leo mchana Sakina alikula matonge mawili, akarudisha mkono.

"Nimeshiba."

Akanitazama usoni aone kama nimefurahi. Hakuwa ameshiba. Namjua.

"Sakina, una njaa?"

Akauliza kwa sauti ndogo: "Nikila kidogo, sitakatwa mguu kama bibi?"

Kumbe yote tuliyosema kwa daktari alikuwa ameyasikia.

Nilimvuta karibu, nikamwambia hakatwi mguu, bibi aliugua zamani na hakuna aliyemwahi, yeye tumemwahi. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Sina uhakika huo. Kisha nikamwongezea kisamvu na kipande cha mgebuka, nikakaa tukala naye taratibu, nikimwambia asikilize tumbo, asiangalie uso wangu. Asha, aliyekwisha kunawa, akarudi akakaa nasi, akala tonge moja zaidi ili tu tuwe watatu.

Nilifanya sawa? Utamlindaje mtoto na chakula bila kumfundisha kukiogopa?

Sijui. Jioni hii mvua isiporudi tutatembea sote hadi ufukweni, na baba yao akiwemo, nimeshamwambia. Na kesho asubuhi chai haitakuwa na sukari, kwa kila mtu. Najijua. Nitakuwa wa kwanza kukunja uso.