Kilio cha Kila Alhamisi

Butimba, Mwanza
6 Aprili 1998

Kwako mdogo wangu Ojwang,

Salamu. Naziandika kwa kuwa Mama amekaa hapa mkekani ananiangalia, na anasema barua isiyo na salamu ni matusi. Haya, hujambo? Sisi tu wazima, isipokuwa miguu ya Mama imevimba tena. Hayo ndiyo mazuri. Sasa nisikilize.

Mama Ng'washi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, amenunua televisheni. Alhamisi moja saa mbili usiku nilikuwa nasonga ugali na Mama anachambua dagaa. Ghafla nikasikia sauti ya Mama inalia kule kwa jirani. Na Mama mwenyewe yuko mbele yangu, ungo mapajani!

Ni kilio cha Baba, Ojwang. Kile alichokitunga Mama siku tulipomzika Baba, ukakirekodi kwenye redio yako ukisema unataka kumbukumbu. Kumbe kumbukumbu yenyewe ni hiyo. Umekitandikia kinanda chini yake, jina la Okwach umelichomoa, ukakifanya wimbo wa kufungulia Nyumba ya Kashindye, mchezo wa walevi na wake wenza. Na mwisho wake nikasoma kwa macho yangu: Muziki umetungwa na Ojwang Okwach.

Unajua mila yetu. Kilio kikianza, aliyekaa husimama. Mama alisimama, dagaa wakamwagika sakafuni, akabaki amesimama mpaka wimbo ukaisha. Alhamisi iliyofuata vilevile. Sasa watoto wa mtaa wamejua. Saa mbili ikikaribia wanajazana dirishani kwetu kumtazama bibi anayesimama. Juzi nimewakuta wanaruka kamba kwa kilio cha Baba.

Mimi nashinda kiwandani nakata minofu ya sangara inayopanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabaki na mapanki, vichwa na mifupa. Hilo nimelizoea. Sikujua kwamba na wewe umefungua kiwanda chako, mnofu ni wa Mama na mifupa unatuachia sisi. Huna wimbo wako? Umesomea muziki hapahapa chuoni Butimba, watu wakakupigia makofi, na huna hata mmoja wa kwako?

Kitoe. Sikuombi, nakwambia.

Dada yako,
Selestina


Dar es Salaam
21 Aprili 1998

Dada Selestina,

Shikamoo. Mfikishie Mama shikamoo yangu na pole ya miguu. Mimi mzima, ila joto la huku.

Barua yako niliisoma nikaitupa, kisha nikaiokota. Mimi si mwizi, Dada. Unajua kazi yangu ilivyo? Wananionyesha picha, nashika saa mkononi, wananiambia: hapa mtu anaondoka, tia huzuni, hapa mlango unafunguka, tia hofu. Chumba hakina dirisha. Kinanda cha umeme ni kimoja, tunakigombea watu watatu. Nimetunga muziki wa taarifa ya habari, wa sabuni, wa mpira, na hakuna aliyewahi kuuliza umetungwa na nani. Wananiita "yule wa kinanda".

Kwa Nyumba ya Kashindye nilitunga wangu. Ulikuwa mzuri, niliupigania. Venant, mwongozaji wetu, akasema unanuka kinanda, yeye anataka kitu cha kwetu, kitu kinachouma. Nikampa kinachouma. Nilikuwa na kipi kingine kinachouma kuliko kile?

Sasa nchi nzima inakijua. Watu wa filamu kutoka Nairobi wameniulizia kwa jina, mimi, mtoto wa kuli wa bandarini. Na wewe unaniandikia habari za dagaa! Baba alitaka nikafundishe nyimbo za gwaride shule ya msingi mpaka nizeeke. Nilipokataa akanifukuza, na siku ile hakuna hata mmoja wenu aliyesimama.

Jina la Baba nililitoa kwa heshima. Bila jina hakuna maiti, ni sauti tu. Mwambie Mama akae. Au Alhamisi mpeleke kwenye sala za jumuiya.

Mdogo wako,
Ojwang


Butimba, Mwanza
8 Juni 1998

Ojwang,

Shikamoo yako ilifika. Marahaba sikupi. Kuhusu afya zetu, soma yaliyotokea Ijumaa moja mwezi uliopita ujionee.

Mama mdogo Odeta alitoka Shirati kwenda Musoma kuuza mtama wake. Alhamisi usiku akakaa kwenye mgahawa mmoja wenye dishi la televisheni apumzike. Akasikia dada yake analia. Akatazama kwenye kioo, akaona walevi wanapigana, uso wa dada yake haupo. Akamwuliza mhudumu, "Mbona sauti ya dada yangu imo humo na yeye mwenyewe hayumo?" Yule mhudumu, asiyejua mbele wala nyuma, akamjibu, "Bibi, sauti za namna hiyo huwa ni za marehemu."

Basi! Hakurudi Shirati hata kubadili nguo, alfajiri akapanda basi la Mwanza. Aliposhuka njia panda ya hapa kwetu alianza kulia, na wanawake wa mtaa wakamfuata, kanga wamejifunga viunoni, hawajui hata nani kafa. Akaingia uani, akajitupa chini, akamlilia Mama kilio chake chote: utoto wao, ng'ombe walioletwa kumwoa, watoto aliowazika. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Watu walicheka, Ojwang. Hata mimi nusura nicheke. Odeta hakucheka. Alinyanyuka, akajikung'uta vumbi, akakataa hata maji ya kunywa. Akasema, "Dada, kilio chako nilikuwa nacho kimoja, na leo nimekimaliza. Mtu halilii mtu mara mbili. Siku yako ikifika, usinitazamie." Akaondoka na basi la jioni.

Tangu hapo Mama hanyanyuki kitandani ila Alhamisi saa mbili, kusimama. Umesahau kwamba kwetu mwanamke huanzishiwa kilio na dada yake? Mama hana dada mwingine. Nani atamwanzishia? Wewe, na kinanda chako?

Ulisema bila jina hakuna maiti. Sasa Mama ni maiti anayekula uji. Nina hasira mpaka kisu kimenikata mara mbili kiwandani. Kitoe hicho kitu. Safari hii nakuomba kwa ajili yake.

Selestina


Dar es Salaam
20 Juni 1998

Dada,

Shikamoo, hata kama huipokei. Mpe Mama pole.

Nilimwendea Venant. Alicheka. Anasema watu wameshaizoea sauti ile, na nikikazana nitaondoka mimi, kilio kitabaki. Watu wa Nairobi wanakuja mwezi wa tisa kuniona nikiwa kazini. Nikishapata kazi yao nitafanya unavyotaka. Vumilieni mpaka hapo.

Na Mama mdogo, je, mimi ndiye niliyemwambia mhudumu wa Musoma aseme upuuzi? Kila linaloharibika kwenye nyumba ile ni Ojwang! Nilipokuwa hapo nilikuwa mkosaji, nimeondoka bado ni mkosaji. Nimechoka na nyinyi. Usiniandikie mpaka utakapopoa.

Ojwang


Dar es Salaam
28 Agosti 1998

Dada yangu Selestina,

Shikamoo. Hujambo, na Mama anaendeleaje? Hukuniandikia, nikajua hujapoa. Mimi mwili mzima. Kazi sina.

Wiki iliyopita Venant alikichukua kilio akakiweka mahali pengine, pale mlevi anapotumbukia mtaroni na chupa yake. Tulikuwa wengi mle chumbani, tunatazama. Wakacheka. Mimi nikajikuta nimesimama, Dada. Sikukusudia, miguu yenyewe ilisimama. Venant akaniuliza, "Vipi, unakwenda chooni?" Wakacheka zaidi, na mimi nikawaona wale watoto wako wa dirishani.

Hasira yote niliyokuwa nakuandikia wewe ikamgeukia yeye. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua ambayo Mama atasomewa. Nikachomoa kanda kwenye mashine nikaitia mfukoni. Akasema nikitoka nayo nisirudi. Nikatoka nayo. Nakala nyingine hawana, kila wiki walikuwa wakichota humohumo. Watu wa Nairobi watamkuta Venant na kinanda chake.

Rafiki yangu Chenge, fundi mitambo wa palepale, ameniambia watakachofanya. Wamebakiwa na ule muziki wangu wa kwanza, ule uliokuwa unanuka kinanda. Watautumia huo kuanzia Alhamisi, tarehe 3 Septemba.

Kwa hiyo mwambie Mama asisimame tena. Amsikilize mwanawe akiwa amekaa. Uliniuliza kama ninao wa kwangu. Ndio huo.

Nimehama nilipokuwa nakaa. Niandikie kupitia sanduku la posta la Chenge, nimeliandika nyuma ya bahasha.

Mdogo wako,
Ojwang


Butimba, Mwanza
10 Septemba 1998

Ojwang,

Marahaba. Ile ya zamani na hii ya sasa, zipokee zote. Mimi ni mzima. Mama hatunaye.

Amefariki Jumatano, tarehe 2, asubuhi. Ule uvimbe wa miguu ulipanda mpaka kifuani. Nilikwenda posta nikapiga simu kituoni kwako. Mlinzi akasema Ojwang hayupo tena hapa na hatujui alikokwenda. Nikamwambia ni msiba wa mama yake. Akanipa pole, akakata. Nilikutukana mbele ya watu wa posta mpaka karani akanipa kiti. Barua yako nimeipata jana, Mama yuko kaburini kando ya Baba.

Odeta nilimpelekea mtu. Amejibu vilevile alivyoahidi, kwamba yeye alishamlilia.

Alhamisi mwili ulilala nyumbani. Padri alisali, kwaya ikaimba vizuri sana. Walipoondoka, ikabaki nyumba. Wanawake wa kwetu wote wamekaa mikekani wananitazama, wanasubiri dada wa marehemu aanze, na dada hayupo. Mimi ni mtoto wake, siwezi kumwanzishia mama yangu. Hakuna aliyefungua mdomo. Nyumba ya msiba imetulia kama ofisi ya serikali. Niliona aibu, Ojwang, aibu kwa ajili yake, yeye aliyewalilia wafu wa watu wote hapa.

Ndipo nikakumbuka ni Alhamisi. Kitu nilichokichukia miezi yote hii nikakikimbilia. Nilikwenda kwa Mama Ng'washi nikamwomba afungue madirisha na apandishe sauti mpaka mwisho. Nikarudi nikawaambia akina mama, saa mbili Mama atajianzishia mwenyewe, nyinyi simameni mumfuate. Wakajifunga kanga. Tukangoja.

Ukatoka muziki wako.

Niliusikiliza wote. Ni mzuri, Ojwang. Nakwambia hivyo nikiwa na hasira ambayo sijui hata nimpelekee nani. Miezi mitano nilikupigia kelele, na siku uliyonisikia ndiyo hiyo. Ni mzuri, na ni wako, lakini hakuna aliyesimama. Akina mama walinitazama, kisha wakafungua kanga zao mmoja mmoja. Jumamosi tukamzika hivyohivyo, kimya.

Kanda unayo mfukoni. Njoo nayo, na ile redio yako. Ukifika usibishe hodi na usinisalimie, maana sijui nitakujibu nini. Pitiliza mpaka kaburini, fungua sauti ya Mama, usimame. Nitaisikia nikiwa jikoni, nami nitatoka nisimame.

Ugomvi wetu utangoja Mama aliliwe.

Dada yako,
Selestina