Bustani ya Bi Boga

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limetulia. Dada naye hajambo? Mwambie asiifungue kabla yako, maana namjua. Mimi ni mzima, nakula, nalala, usihangaike. Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu niliyokununulia umeifungia kabatini, na nikipitisha maneno kwa dada atayafupisha mpaka zibaki salamu tu.

Najua kwa nini umeifungia. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, na tafadhali usiruke mistari.

Unakumbuka nilipokuomba ujaribu ule mchezo wetu wa bustani. Ofisini tuna desturi moja: mchezo wa mtandaoni haufunguliwi kwa watu wote mpaka kila mfanyakazi alete ndugu yake mmoja aucheze kwanza, na wote hao waseme ndiyo. Kila mchezaji anajichagulia jina la bandia, na ni marufuku kusema nani ni nani, tusije tukaanza kubembelezana. Ndiyo maana ulipokuwa ukiniuliza Jongoo ni nani, yule jirani mzito anayemwagilia maboga yako, nilikujibu sijui. Na kweli nilikuwa sijui. Wewe ulipojiita Bi Boga nilicheka peke yangu kama mwehu.

Nilifurahi, mama, wacha nikwambie. Tangu uondoke kwenye nyumba yenye kiwanja ukaenda kukaa na dada ghorofani, ambako udongo wenyewe ni wa kwenye kopo, sikuwahi kukusikia ukicheka vile. Ulikuwa unanipigia kunisimulia jinsi Jongoo alivyobananisha mbegu mpaka hazipumui, na wewe ukamfundisha kuacha nafasi.

Huku kwetu mambo yakachacha. Kampuni moja ya upande wa pili wa mji ikatangaza kwamba nayo ina mchezo wa bustani, unatoka mwisho wa mwezi. Bosi wetu presha ikampanda. Akatuita wote, akasema sisi tutatoka Ijumaa hii, tuwatangulie, kwa sababu anayekuja wa pili hakumbukwi na mtu. Dada mmoja tunayemwita Fundi, anayetunza zile kompyuta kubwa zinazohifadhi bustani za wachezaji, alisema majaribio hayajaisha. Akajibiwa kwamba tutarekebisha huku watu wanacheza, siku hizi kila mtu anafanya hivyo. Bosi si mtu mbaya, mama. Ana mishahara yetu kichwani, ndiyo maana nywele zinamkimbia.

Jumatano dada akanipigia. Akasema bustani yako ilipotea yote kwa mpigo, ukabaki na udongo mtupu, ukadhani umebonyeza pabaya. Ukaifunga simu kwenye kitambaa na kusema mikono yako haifai kushika vitu vya watu. Jamani, mama! Nililia chooni, kazini, mtu mzima mimi. Nilipomaliza kulia hasira zikanipanda.

Nikaenda kwa Fundi, tukachimba na kuchimbua mpaka tukaiona hitilafu yenyewe. Watu wawili wakigusa shamba moja kwa pamoja, halafu mtandao wa mmoja ukakatika palepale, mchezo unachanganyikiwa na kufuta kila kitu. Ofisini mtandao haukatiki, kwa hiyo hatukuwahi kuiona. Kwenu unakatika kila ukihamia chumba cha nyuma.

Nikaingia kwa bosi hata hodi sikupiga. Unanijua, mdomo wangu hauna kufuli. Nikamwambia Ijumaa wafungue bila mimi. Akasema siku ziko ukingoni, na isitoshe wachezaji wameanza kuchoka: yule bora kuliko wote, Bi Boga, ameondoka hata kwaheri hakuaga, kwa hiyo afadhali tutoke kabla hatujachokwa kabisa. Hapo nikavunja sheria. Nikasema Bi Boga ni mama yangu mzazi, hajachoka, anadhani ameharibu. Bosi akavua miwani, akaiweka mezani. Kisha akatoka nje, akawatangazia wote kwamba Ijumaa haipo tena.

Wale wa upande wa pili walifungua wao, Ijumaa ileile. Sitakudanganya, watu wameenda wengi na wengine wanaupenda, ila unagoma kila mara na malalamiko hayaishi. Rafiki yangu wa chuo yuko kule. Alinipigia amechoka hoi, akasema hawakuwa tayari hata kidogo, lakini walisikia sisi tunatoka Ijumaa wakaogopa kuachwa. Kumbe sisi tulikuwa tunawakimbia wao, na wao wanatukimbia sisi! Nilipomsimulia bosi alicheka mpaka akakohoa.

Sasa hitilafu imerekebishwa. Tumejaribu tena na tena, tukiuchomoa mtandao wenyewe makusudi, na bustani haipotei. Kama tumechelewa, hatujui. Ila asubuhi hizi naenda kazini kwa moyo mweupe, na hata Fundi siku hizi anaimba.

Limebaki moja, mama, keti kwanza. Siku bustani yako ilipopotea, aliyekuwa anaimwagilia pamoja na wewe alikuwa Jongoo. Na Jongoo ni bosi wangu, kumbe naye alijiingiza kucheza kimyakimya. Ndiyo, huyohuyo anayetukimbiza ofisi nzima ndiye uliyekuwa unamwita mzito! Ameniambia kwamba jioni zile za kwenye maboga yako ndizo zilikuwa pumziko lake, na ulipopotea alijiona ameachwa. Anakuomba radhi.

Hukuharibu kitu, mama. Kosa lilikuwa letu, mikono yako haina neno. Ndugu wote wameshasema ndiyo, amebaki Bi Boga peke yake, na bosi ameapa hatufungui mpaka useme. Ukiona kasoro, sema hapana, tutangoja. Mtoe tu yule mfungwa kabatini. Maboga yako yote yamerudi, na ule mstari wako wa maboga uliopinda tumeuacha umepinda. Pembeni yake Jongoo amepanda mstari wake mmoja, na safari hii ameacha nafasi.

Msalimie dada, mwambie asante kwa umbeya wake, umetuokoa. Angalia goti lako. Ninakupenda sana.

Ni mimi kitindamimba wako, mwenye mdomo.