Malkia na Mkeka wa Matanga

Faustin wangu, mwenye kiti chekundu,

Nimekaa Kabondo, nyuma ya nyumba ya mama yako, na baiskeli yako imeegemea ukuta hapa karibu yangu. Toleka yako, baiskeli yako ya kubebea abiria, ilirudi bila wewe. Kile kiti cha abiria nilichokushonea kwa kitambaa chekundu kingali kizima, hata uzi haujakatika. Nakiangalia na hasira inanipanda. Namna gani baiskeli ijue njia ya kurudi, na wewe na akili zako zote za chuo kikuu ushindwe?

Kesho ni matanga yako. Subiri, nitafika hapo.

Chuo kilifungwa sababu ya vita, ukageuka mtu wa toleka, na mimi nikawa abiria wako wa kila asubuhi, beseni la mikate ya kukaanga magotini, tukienda soko kuu. Hukujua kunyamaza. Ulikuwa umeokota riwaya ya Kifaransa isiyo na jalada, nene sawa tofali, na kila siku ulinisimulia kipande huku ukikanyaga pedali. Uso wako sikuuona. Niliona mgongo tu, na shati lililolowa jasho.

Malkia Azora alipendana na mlinzi wa mlango wa mashariki. Waziri mkuu naye alitaka kumwoa malkia, ashike ufalme. Aliweka masikio nyuma ya kila pazia la ikulu, na tena alikuwa mchawi: aliiba majina ya watu. Aliyeibiwa jina alipotea, na baraza zima likamsahau. Dawa ilikuwa moja tu, abaki mtu wa kumwita kila asubuhi kwa sauti. Huyo akinyamaza, basi, kwisha.

"Na sauti yake ikikauka?" nilikuuliza.

"Atakunywa maji, ataita tena. Weye unasumbua sana, kama vile unalipa!"

Tukifika kwenye barrière, kizuizi cha wanajeshi, ulikatisha hadithi. Tunashuka, tunatembea, tunawachekea kama wapumbavu. Mbele kidogo unaendelea palepale: "Bon, donc waziri akasema..." Wallahi nilikuwa naogopa zaidi yule waziri kuliko wale wenye bunduki.

Asubuhi ile ya mwisho ulikuwa unajiandaa kwenda Bengamisa na wenzako kutafuta mchele na mafuta ya mawese, lakini ulinipeleka soko kwanza. Katika hadithi yako waziri alikuwa ameshaiba jina la mlinzi. Malkia anasimama mlangoni kila asubuhi, anaita, watu wanamcheka. Waziri akaona huyu mwanamke hachoki. Akakusanya wazee wa baraza, akatandika mkeka katikati ya ikulu, akaamuru matanga ya mlinzi. Maana malkia akikaa kwenye mkeka ule, amekubali mtu wake amekufa.

"Alikaa?" niliuliza, nikishuka na beseni langu.

"Nitakuambia nikirudi."

"Faustin, usinifanyie hivi!"

"Nikirudi, nimesema!" Ukacheka, ukapiga kengele kama mtoto, ukaenda.

Wenzako walisema risasi zililia njiani, kila mtu akaingia msituni kwa upande wake. Mmoja wao alirudi akisukuma baiskeli yako. Hakuna aliyekuona ukianguka. Hakuna aliyekuona, ndiyo hivyo tu.

Sasa soko naenda kwa mguu. Watu wa toleka wananiita, nakataa, maana nitafanya nini na mgongo wa mtu asiyesema kitu? Mikate inanibakia, narudi nayo, naila peke yangu. Nimekukumbuka mpaka najisikia vibaya mwilini. Kila mtu anayetoka barabara ya Banalia, ile inayopita Bengamisa, namuuliza, na wengine wameanza kunikwepa.

Ndipo matonton zako, ndugu za baba yako, wakakutana wakaamua. "Mutu akikawia hivi, iko amekufa. Tulie, tumalize." Siwachukii. Wamechoka kumwona mama yako akiangalia barabara.

Mama mwenyewe aliniletea kitabu chako, amekifunga ndani ya kitenge. "Unisomee," akasema. "Nataka kujua alikuwa anakuambia nini." Nikamsomea siku baada ya siku, nikigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili, yeye akichambua mboga. Tukafika mwisho. Faustin, mkeka haumo! Azora anaolewa na mwana wa mfalme kutoka nchi nyingine, tarumbeta zinalia. Yule mlinzi anafungua mlango mwanzoni mwa kitabu, anasema "Karibuni," na haonekani tena. Nilirudia kurasa nikidhani nimeruka.

Nikamweleza mama hadithi kama ulivyonipa wewe, na majina yaliyoibiwa, na kuita. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu upotee. "Hiyo haiko ya kitabu. Hiyo iko yeye! Tangu mutoto, ukimutuma chumvi anakurudishia hadithi." Kisha kicheko kikageuka kilio, nikamshika.

Kumbe mlinzi ni wewe uliyemtengeneza. Na kama malkia alikaa au hakukaa, hakuna ukurasa wa kuniambia.

Leo tonton wako mkubwa amesema mimi niliyekuwa niolewe nawe nikae kesho karibu na mama, kwenye mkeka, kitambaa kichwani. Nikaitika ndiyo, ningesema nini? Alipoondoka, mama akanivuta mkono.

"Mimi nitakaa, mwanangu. Siwezi kubishana na wababa. Lakini weye usikae. Simama ku mulango, umwite."

"Watasema nimepata wazimu, mama."

"Waseme."

Kwa hiyo ndiyo hivi. Naogopa, Faustin. Ua litajaa watu, wanakwaya wataimba, matonton watanikazia macho, na sauti yangu unaijua, ni ndogo, hata sokoni wateja hawanisikii. Labda ni wazimu kweli. Labda wao wanajua na mimi sijui. Lakini nimeweka maji tayari ndani ya kikombe. Mama yako atakaa kwenye mkeka, na mimi nitasimama mlangoni nikiangalia barabara. Nitaita jina lako lote, na la baba yako.

Itika.

Abiria wako