Mwambie Mumeo Akubali Dhamana

Mke wangu Neema,

Hapa Tunduma tu wazima. Mke mwenzio, bibi yako, anakusalimu, ila bado ana wivu na barua zako.

Unasema mumeo amekamatwa na anakataa dhamana, asije akaonekana amekiri kosa. Unauliza umfanyeje. Huyo mpinzani wangu amenikumbusha nilivyokuwa mimi enzi ya Mwingereza, kijana mtanashati wa lugha nne, shule nusu.

Nilikamatwa mpakani na chumvi ya Ivuna, askari wakidai ni ya wizi. Mjomba akaja kutoka Msangano kunidhamini.

“Twende, baba yako anaumwa sana, anakuulizia.”

Kwetu, ndugu akikubebea jembe kwenda kwa watu, basi umekosa na anakuombea msamaha. Nikadhani dhamana ndiyo jembe lenyewe.

“Mjomba, mtu kama mimi habebewi jembe. Baba anisubiri, nitatoka msafi.”

“Lakini karani wa mahakama anasema ni ahadi tu ya kurudi siku ya kesi.”

“Karani ananijua mimi?”

Mjomba akaondoka peke yake. Siku ya kesi hakimu hakuniona na kosa. Nilitembea hadi nyumbani nikiimba, nikakuta baba amekwisha kuzikwa.

Tafuta wakili, mwende naye polisi, amweleze mumeo kwamba kudhaminiwa si kukiri. Akibisha, mwambie mimi kesi yangu niliishinda, na baba alikufa akiuliza kama nimefika.

Mumeo mzee,
Babu